Mvua za kwanza Tabora: Neema shambani, hasara juu ya paa

MWISHONI mwa Oktoba mkoa wa Tabora huwa umekauka kau. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili au siku za kwanza za Mei, na tangu hapo ardhi imekuwa ikipasuka, visima vifupi vimebaki na tope, na ng'ombe wa Igunga na Nzega wanatembezwa mwendo mrefu kutafuta maji. Mjini, wenye maduka hufuta vumbi asubuhi na jioni, na usiku watu hukaa barazani hadi saa nne kwa sababu ndani hakulaliki.

Kisha, alasiri moja, wingu jeusi hujikusanya. Upepo wa baridi hupita ghafla ukibeba vumbi na majani makavu, milango hujibamiza, na matone makubwa huanza kugonga mabati. Ndani ya saa moja mitaro imejaa, watoto wako nje wanaoga mvua, na harufu ya udongo uliolowa imeenea kila mahali. Kesho yake kumbikumbi wanaruka, na baada ya siku chache kina mama wataanza kutoka na vikapu kwenda misitu ya miombo kutafuta uyoga.

Lakini kesho hiyo hiyo huwa kuna watu wanaokota mabati porini. Kuna darasa lililoezuliwa, gunia za mahindi zilizolowa, embe zilizokaribia kuiva zikiwa zimetapakaa chini, na pengine ng'ombe wanne waliokufa chini ya mti mmoja. Mvua iliyosubiriwa kwa miezi sita ndiyo iliyoleta yote hayo. Nani atahesabu faida na nani atahesabu hasara ni jambo linaloamuliwa zaidi na maandalizi ya Septemba na Oktoba, na maamuzi ya siku kumi za kwanza za mvua.

Kwa nini zinakuja na kishindo

Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwenye uwanda wa juu wa takriban meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Jua hupita juu kabisa ya kichwa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Oktoba linapoelekea kusini, na mwanzoni mwa Machi linaporudi kaskazini. Oktoba ndiyo mwezi wa joto kali zaidi, kwa sababu ardhi ni kavu, miti mingi haina majani ya kutosha na hakuna mawingu ya kuzuia jua.

Wakati huo huo unyevu huanza kuingia, mwingine kutoka Bahari ya Hindi na mwingine kutoka misitu ya Kongo upande wa magharibi. Hewa yenye unyevu ikikutana na ardhi iliyochomwa na jua hupanda juu kwa kasi, na wingu hurefuka kilometa nyingi kwenda angani. Sehemu ya juu ya wingu hilo ni baridi kuliko barafu. Matone yanayorushwa huko juu huganda, hushuka, hurushwa tena na kuongezeka ukubwa, mpaka upepo unaopanda unashindwa kuyabeba. Hapo ndipo mvua ya mawe huanguka.

Upepo unaoezua nyumba nao hutoka ndani ya wingu hilo hilo. Mvua inaposhuka hupoza hewa, hewa baridi huwa nzito, huporomoka hadi chini na kusambaa pande zote. Ndiyo maana baridi ya ghafla na vumbi hutangulia matone ya kwanza kwa dakika chache. Anayefahamu dalili hiyo anakuwa na dakika hizo za kuingiza mifugo, kufunga madirisha na kufunika bidhaa.

Dhoruba kali haziji mwanzoni mwa msimu tu. Usiku wa 3 Machi 2015, kijiji cha Mwakata wilayani Kahama, kaskazini mwa Tabora, kilipigwa na mvua kubwa ya mawe iliyoambatana na upepo mkali. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wakiwa ndani ya nyumba zao, na mazao pamoja na mifugo viliteketea. Nyumba nyingi zilikuwa za tope. Hadi leo tukio hilo ndilo kipimo ambacho watu wa kanda hii hutumia wanapozungumzia mvua ya mawe.

Kalenda ya wapagazi

Hofu na matumaini ya mvua za kwanza si mambo mapya katika njia hii. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Kaze katika nchi ya Unyanyembe, eneo ambalo leo ni Tabora. Kutoka hapo, njia nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zikapandishwa bara.

Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa pia wakulima, na safari zao zilifuata kalenda ya shamba. Walishuka pwani wakati wa kiangazi, na wengi walitaka kuwa wamefika nyumbani kabla ya mvua za Novemba ili wawahi kulima. Mfanyabiashara aliyechelewa kuondoka pwani alijikuta akikosa wabebaji, au mzigo wake ukilala njiani kwa sababu mito imejaa. Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, yaani pale hasa msimu unapobadilika.

Nyumba za wakati huo nazo zilikuwa na somo lake. Tembe, kama ile ya Kwihara ambako David Livingstone aliishi mwaka 1872 na ambayo sasa ni makumbusho, ilikuwa na kuta nene za udongo na paa la bapa lililofunikwa kwa udongo. Paa hilo lilivuja likikosa kukarabatiwa, lakini upepo haukupata pa kulishika. Bati limeondoa tatizo la kuvuja na kuleta tatizo la kuruka. Anayejenga leo inabidi ayafikirie yote mawili.

Somo la tatu liko Urambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika maeneo matatu ya Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta na mamilioni ya pauni vilimwagwa, lakini mvua na udongo havikufahamika vizuri. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na Urambo ikageukia tumbaku. Mtaji mkubwa haukusaidia pale ambapo hesabu ya mvua ilikosewa.

Kupanda au kungoja

Kwa mkulima wa mahindi, swali la kwanza ni kama mvua iliyonyesha jana ni mwanzo wa msimu au ni ya kupita. Methali inasema mvua za kwanza ndizo za kupandia, na sayansi inaiunga mkono kwa kiasi kikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti H. F. Birch aliyekuwa kituo cha Muguga nchini Kenya alionyesha kwamba udongo uliokauka kwa muda mrefu, ukiloweshwa, huamsha vijidudu vyake kwa ghafla na kutoa naitrojeni nyingi kwa siku chache. Mmea uliokwisha ota hufaidi mbolea hiyo ya bure. Anayechelewa huikuta imekwisha kuzama chini kwa maji ya mvua, hasa katika udongo wa kichanga ulioenea sehemu kubwa ya Tabora.

Hata hivyo, dhoruba moja haifanyi msimu. Mara nyingi mvua kubwa ya mwanzoni mwa Novemba hufuatiwa na jua la wiki mbili. Mbegu zinaota, zinanyauka, na mkulima anarudi dukani. Chukua mfano wa mwenye ekari tatu anayetumia kilo 10 za mbegu kwa ekari. Akipoteza mbegu za kwanza atanunua kilo 30 nyingine, atalipa vibarua mara ya pili, na mbolea ya kupandia aliyoweka huenda isimsaidie tena.

Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa hali ya hewa ya kilimo ni kwamba msimu umeanza iwapo imenyesha angalau milimita 20 ndani ya siku moja hadi tatu, bila kufuatiwa na ukame wa siku kumi au zaidi. Sehemu ya pili hakuna anayeweza kuiona kwa macho, lakini ya kwanza inapimika hata kijijini. Kopo lenye kuta zilizonyooka likiwekwa uwanjani mbali na miti na paa, maji yake yakapimwa kwa rula asubuhi, linatosha. Njia nyingine ni kuchimba kwa jembe. Kama unyevu haujafika sentimeta 20 hivi, na chini yake udongo bado ni vumbi, ni vyema kungoja.

Wakulima wengi wazoefu hugawa shamba. Sehemu hupandwa mvua ya kwanza nzuri, nyingine baada ya wiki mbili, na pembeni huwekwa muhogo, mtama au uwele unaovumilia jua. Katika mbuga za Nzega na Igunga, udongo mzito unaoshika maji huachiwa mpunga, na kazi kubwa ya Oktoba ni kutengeneza kingo za majaruba ili mvua ya kwanza isipite bure.

Matuta nayo yana kanuni yake. Yakilimwa kufuata mteremko huwa mfereji wa kuondoa udongo mzuri. Yakikingama mteremko, na kuwekewa vizuizi vidogo vya udongo kila baada ya hatua chache, kila kijishimo hushika maji na kuyaacha yazame taratibu. Kazi hiyo ni ya jembe la mkono tu, na faida yake huonekana pale jua linaporudi.

Viwavijeshi hufuata radi

Kuna adui mwingine anayesafiri na dhoruba za kwanza. Nondo wa viwavijeshi huruka usiku na kubebwa na upepo. Pepo zinapokutana chini ya mawingu ya radi, nondo hao hukusanywa na mvua huwashusha eneo moja, ambako hutaga mayai kwenye majani machanga. Milipuko mibaya mara nyingi hutokea pale mvua za ghafla zinapofuata ukame mrefu, na Tanzania ya kati ni miongoni mwa maeneo inakoanzia.

Kwa hiyo wiki mbili hadi tatu baada ya mvua kubwa ya kwanza, mkulima apite shambani asubuhi na jioni akiangalia majani ya mahindi, mtama, mpunga na nyasi za pembeni. Viwavi wakiwa wadogo na wa kijani, dawa kidogo huwamaliza. Wakishakuwa weusi na kutembea kwa makundi, sehemu kubwa ya madhara imekwisha tokea. Aidha, tangu mwaka 2017 kumekuwa na kiwavijeshi vamizi aliyetoka Amerika, ambaye hujificha ndani ya moyo wa mhindi, hivyo ukaguzi wa juu juu hautoshi.

Tumbaku, mawe na deni

Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mvua ya kwanza ina maana nyingine. Miche ya tumbaku imekuwa vitaluni tangu kiangazi, ikimwagiliwa kwa ndoo. Mvua zikitulia, kati ya Novemba na Desemba, huhamishiwa shambani. Dhoruba ikipiga kabla ya hapo inaweza kufukia kitalu kwa mchanga. Ikija baadaye na mawe, hupasua majani, na jani ndilo mali yenyewe.

Mhindi uliochanika majani bado unaweza kubeba gunzi, lakini jani la tumbaku lililotoboka hushuka daraja hata likikaushwa vizuri banini. Hapo ndipo uchungu ulipo, kwa sababu mbolea na pembejeo nyingine huchukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, mara nyingi zikihesabiwa kwa dola. Mvua ya mawe ya dakika kumi inaweza kufuta mapato ya mwaka, lakini haifuti deni.

Mawe yakipiga mimea ikiwa bado michanga, si lazima shamba liachwe. Shina lililovunjika likikatwa vizuri na kuachiwa chipukizi moja lenye nguvu, mavuno fulani hupatikana, ingawa yatachelewa. Ushauri wa bwana shamba au wa wataalamu wa kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, una thamani kubwa katika siku tatu za kwanza baada ya tukio kuliko baada ya mwezi.

Ulinzi wa pili ni bima. Kampuni za bima nchini ziliunganisha nguvu mwaka 2023 na kuanzisha skimu ya pamoja ya bima ya kilimo. Kabla ya kulipa, mkulima au chama kiulize mambo manne: je, mvua ya mawe imetajwa kwa jina katika mkataba? Hasara ianzie kiwango gani ndipo fidia ilipwe? Taarifa itolewe ndani ya siku ngapi? Na fidia inakwenda kwa mkulima au kwa aliyekopesha? Picha za shamba kabla ya mvua, hata za simu, husaidia sana siku ya kudai.

Paa, ghala na duka

Upepo huanza kuinua paa kwenye ukingo. Ukingo mrefu unaoning'inia nje ya ukuta ndio mshikio wa upepo, na bati moja likifunguka, mengine hufuata. Kabla ya mvua, fundi apande juu na kukagua misumari iliyolegea, hasa safu ya pembeni na ya kileleni. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene au vyuma bapa vilivyozama ndani ya ukuta. Msumari mmoja wa juu hautoshi. Mawe na matairi juu ya bati hayazuii upepo mkali, na yakiporomoka yanaua.

Kwa mwenye duka au ghala, hasara kubwa mara nyingi hutoka kwenye bidhaa kuliko kwenye jengo. Magunia yawekwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, na turubai liwe karibu. Saruji, sukari, mbolea na unga huharibika kwa unyevu tu, hata bila kulowa. Anayenunua mahindi kwa ajili ya kuuza Januari na Februari, bei inapopanda, akumbuke kwamba mahindi yaliyolowa mara moja yakaanikwa vibaya huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuleta sumu kuvu.

Barabara na reli nazo ni sehemu ya hesabu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo biashara ya mji huu imeitegemea. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalisomba reli upande wa Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Mvua iliyonyesha mamia ya kilometa mbali ikapandisha gharama za mizigo Tabora. Mfanyabiashara mwenye busara huingiza mzigo wa msimu kabla ya Desemba.

Radi haina ubaguzi

Mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndiko vipimo vya satelaiti vinakoonyesha radi nyingi kuliko sehemu yoyote ya Afrika, na magharibi ya Tanzania si mbali na huko. Oktoba 2018 radi iliua watoto sita katika shule ya msingi mkoani Geita. Januari 2025, katika shule ya sekondari wilayani Bukombe, mkoa huo huo, iliua wanafunzi saba na kujeruhi makumi ya wengine.

Vijijini vifo vya radi bado huzua maneno ya uchawi, na wakati mwingine wazee wasio na hatia husingiziwa. Radi ni umeme unaotafuta njia fupi ya kufika ardhini: mti ulio peke yake, mtu aliyesimama katikati ya shamba, uzio wa nyaya, baiskeli. Ng'ombe hufa wengi kwa pamoja kwa sababu hujikusanya chini ya mwembe mmoja, na umeme ukishuka husambaa ardhini na kupita katika miguu yao.

Kanuni ni rahisi. Mwanga ukionekana, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike, kisha gawa kwa tatu. Jibu ni umbali wa kilometa. Zikiwa chini ya sekunde 30, acha jembe uingie katika nyumba imara au ndani ya gari, na ukae humo hadi nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Mifugo iondolewe chini ya miti mirefu mapema. Shule, zahanati na maghala ya vyama zinastahili kuwekewa vifaa vya kukinga radi.

Maji yasipotee

Kwa miaka mingi mji wa Tabora ulitegemea bwawa la Igombe, ambalo nalo lilitegemea mvua. Mwaka 2021 mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa miji ya Tabora, Nzega na Igunga ulizinduliwa, na kiangazi cha mjini kikapungua makali. Vijiji vingi bado vinatazama angani.

Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la meta za mraba 60 ikipata milimita 30 katika dhoruba moja, maji yanayoteremka ni lita 1,800. Hata yakipotea robo, yaliyobaki yanajaza simtanki la lita 1,000 na mapipa kadhaa juu yake. Maji ya dakika za kwanza yamwagwe kwa kuwa yanasafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata yakingwe kwa mfereji wa bati na kufunikwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili mwishoni mwa Oktoba, na katikati ya msimu hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kulingana na ukubwa wa hatari. Taarifa hizo hutangazwa redioni na kutumwa kwenye simu. Hazimwambii mkulima wa Sikonge saa ambayo wingu litafika shambani kwake, lakini humwambia wiki ya kutoacha mbolea nje.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Kwa mkulima na mfanyabiashara wa Tabora, wingu la kwanza la Oktoba likionekana, mambo matatu yanapaswa kuwa tayari: misumari imegongwa, kingo za majaruba zimefungwa, na fedha ya mbegu za mara ya pili iko mahali pake. Aliye nayo yote matatu anaweza kukaa barazani jioni hiyo akaifurahia mvua kama watoto wanavyoifurahia.